UZI: Judith Babirye, mtunzi aliyefunikwa na jina lake mwenyewe

Mleta uzi (Lugazi)

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa Kampala, wa mipakani na mlioko makambini.

Kila tukizungumzia nyimbo za injili, kuna hoja inarudi: Tanzania ina watunzi, Kenya ina watunzi, sisi Uganda tuna sauti nzuri basi. Siikubali hata kidogo, na nitaipinga kwa mtu mmoja tu: Judith Babirye. Wengi mnamjua kama mwimbaji, mchungaji, au mbunge wetu wa zamani. Magazeti yalishughulika zaidi na ndoa yake. Humu ndani nataka tumtazame kama mtu mwenye kalamu. Habari za nyumbani kwake sizigusi, na nawaomba msiziguse.

Mimi naimbisha kwaya ya ibada ya Kiswahili hapa Lugazi. Wasioijua Lugazi: ni mji wa miwa. Kiwanda cha sukari kilianzishwa na Nanji Kalidas Mehta mwaka 1924, na tangu hapo vibarua wamekuja kutoka West Nile, Rwanda, Burundi na Kongo. Kwenye kambi za miwa Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Kwa hiyo nyimbo za Babirye nimezijua kwa njia mbili, kwa Kiganda nje barabarani na kwa Kiswahili ndani ya ibada, na huko ndiko nilikojifunza zimejengwaje.

Nianze na mwaka aliozaliwa, 1977, maana bila mwaka huo humwelewi. Februari ya mwaka huo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Miezi michache baadaye serikali ikapiga marufuku madhehebu na vikundi vya dini zaidi ya ishirini, Wapentekoste wakiwemo. Watu wakaanza kuabudu majumbani, madirisha yamefungwa, wakiimba kwa sauti ya chini.

Mtoto wa mwaka ule alikua wakati milango inafunguliwa. Amin alianguka 1979. Kampala Pentecostal Church, ndiyo kanisa la Watoto la leo, ilianza 1984. Baada ya 1986 makanisa ya walokole yakaota kila mtaa, mengi yakiwa ya biwempe, kuta za mikeka ya mafunjo na mabati juu. Mliokulia humo mnakumbuka: hakuna kitabu cha nyimbo, hakuna kinanda, pengine ngoma moja na ensaasi, manyanga ya Kiganda, na nusu ya waumini hawakusoma sana. Waumini wa namna hiyo huwezi kuwapa wimbo wa beti saba. Unawapa pambio. Mistari miwili au mitatu, mtu anaishika mara ya pili, mara ya tatu anaimba amefumba macho.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Babirye alichukua pambio akalifanya wimbo kamili, wenye mwanzo, safari na kilele, bila kulinyang'anya kanisa. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Naendelea baadaye, nina mazoezi ya kwaya sasa hivi.

Mchangiaji (Busia)

Mkuu, uzi mzuri, lakini usimpe mtu mmoja sifa ya watu wengi. Mapambio yalikuwepo zamani. Bibi yangu alikuwa mlokole wa Church of Uganda, na "Tukutendereza Yesu", yaani "Twakusifu Yesu", ameiimba mpaka siku ya mwisho. Na huyo hakukaa kanisa la biwempe hata siku moja.

Mleta uzi (Lugazi)

Dada wa Busia, umeniwahi, na bibi yako ni shahidi wangu.

"Tukutendereza Yesu" ndio mzizi wa yote haya. Ule wimbo ulitoka kwenye wimbo wa Kiingereza, lakini ukageuka mali yetu kwenye Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioshika moto miaka ya 1930 kati ya Gahini kule Rwanda na Kampala. Daktari Joe Church na Simeoni Nsibambi walikutana Namirembe mwaka 1929, na wengi huhesabu Uamsho kuanzia hapo. Angalia wimbo ulivyosafiri: umefika Dodoma, Bukoba, Nyanza, milima ya Kigezi, na popote ulipofika watu waliuacha katika Kiganda chake. Mgogo na Mjaluo wanauimba hivyo hivyo. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, alifundisha shule Dodoma miaka ya 1940, na watu wa aina yake ndio walioubeba.

Ulifanyaje kazi? Mtu anasimama, anatoa ushuhuda wake, dhambi zake hadharani. Akimaliza, wote wanaitikia kwa kiitikio hicho kimoja. Ubeti ulikuwa ni maisha ya mtu, kiitikio ni cha wote. Sasa chukua nyimbo za Babirye usikilize ukiwa na hilo kichwani. Beti zake zinaongea kama mtu anayetoa ushuhuda: mimi, leo, hali yangu hii. Kiitikio chake ni kifupi, na kinamsubiri mwingine aingie. Amerithi umbo la bibi yako, dada, ila ushuhuda na kiitikio vyote vimeandikwa na mkono mmoja.

Na kwa sisi wa Kiswahili kuna la zaidi ambalo hatulisemi. Mmisionari Alexander Mackay alipofika Buganda mwaka 1878, maandiko aliyofundishia yalikuwa ya Kiswahili, kazi ya Askofu Steere wa Zanzibar. Wasomaji wa kwanza wa Buganda waliisoma Injili kwa lugha yetu kabla haijachapwa kwa Kiganda. Basi mtu asituambie kwamba ibada ya Kiswahili Uganda ni kitu kilicholetwa jana na wakimbizi.

Sasa turudi kwenye kazi yake.

Albamu iliyomtoa ni "Beera Nange", yaani "Kaa nami", mwaka 2006. Kumbukeni hali ilivyokuwa. Redio za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa tangu 1993, na kufikia wakati ule kila taksi ya Kampala, yaani basi dogo la abiria, ilikuwa na FM yake, na stesheni za walokole zilikuwa na wasikilizaji wao. Kaseti zilikuwa bado zinauzwa, sidii zinaingia. Miaka mitatu nyuma George Okudi, mwimbaji mwingine wa injili wa hapa Uganda, alikuwa ameshinda tuzo ya Kora ya muziki wa Afrika kwa "Wipolo", wimbo usio wa Kiganda, akaonyesha kwamba wimbo wa Mungu unaweza kuchezwa hata pale wasipoomba Mungu. Njia ilikuwa wazi. Lakini wimbo wa Okudi unainua miguu, na Babirye alikuja na wimbo wa kupiga magoti. Ilihitaji ujasiri kumpa mtangazaji wa redio ombi la taratibu na kutegemea atalipiga saa mbili asubuhi katikati ya foleni ya Jinja Road.

Alilipiga. Wakalipiga wote. Nilikuwa naenda Kampala kununua vifaa vya duka, na nilisikia taksi nzima, watu wasiojuana, Waislamu humo ndani, wakiimba polepole pamoja na spika. Hakuna aliyeanzisha. Kiitikio kilifika tu wakaingia.

Mchangiaji (Nakivale)

Ndugu yangu, mimi ni Mkongomani, niko hapa Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, na kwaya yetu inaimba Kiswahili cha Bukavu. Sisi tulimjua kwanza marehemu Angela Chibalonza, mtu wa kwetu aliyefanya kazi Kenya, Mungu amrehemu, alikufa kwa ajali ya barabarani 2007. Babirye tulimjua tulipofika Uganda. Tumejaribu kuziweka hizo nyimbo kwa Kiswahili, lakini zinakataa. Maneno yanakuwa mengi, muziki unakuwa mdogo. Unafanyaje?

Mleta uzi (Lugazi)

Kaka wa Nakivale, swali lako nimelikalia muda mrefu, kwa hiyo nitajibu kirefu.

Tatizo linatoka mahali mawili. Kiganda kina sauti za kupanda na kushuka ndani ya neno, na kina irabu ndefu na fupi. Mtunzi Mganda anayejua kazi yake hapigani na hilo: pale irabu inapovutwa, noti nayo inavutwa. Ndiyo maana nyimbo za Babirye zinasikika kama mtu anaongea. Kiswahili chetu hakina sauti za namna hiyo. Sisi tuna mkazo, nao unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiweka noti nzito kwenye silabi isiyo na mkazo, unapata kile kitu kinachosikika kwenye kwaya nyingi, maneno ya Kiswahili yanaimbwa kama yamejifunzwa kwa shida.

Kwa hiyo usianze na maana, anza na kuhesabu. "Beera nange" ina silabi nne, ya kwanza imevutwa. "Kaa nami" nayo ina nne, na ile "kaa" inajigawa yenyewe, ka-a, ya kwanza juu ya noti ndefu. Inakaa kama imeshonwa. Kiitikio hicho huna haja ya kukihangaikia.

Wimbo wake mwingine, "Wanaaza", ndio unaosumbua. Silabi tatu, uzito wote katikati. Wimbo unahusu kuoshwa, na sisi tukisema "uliniosha" tumeshafika silabi tano. Watu wengi wanazibana tano mahali pa tatu, ndipo wimbo unapokimbia. Usibane. Anza mapema: silabi "u-li-ni" ziimbwe kabla ya pigo, kwa wepesi, kisha "o" iangukie pale pale "naa" ilipokuwa. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye "o" hiyo hiyo, kwa hiyo noti nzito na mkazo vinakutana. Mpiga ngoma asibadilishe chochote.

Kwenye beti nakushauri uache nusu ya maneno. Nasema kwa moyo wangu wote. Beti zake ni ombi la mtu mmoja, na mtu anayeomba harembeshi. Kwaya zetu za Kiswahili zina ugonjwa wa kujaza, "ewe Bwana Mungu wetu mwenye enzi", na hapo ombi limeshakuwa hotuba. Kata. Mstari ukiwa na pumzi ndani yake, anayelia atapata mahali pa kulilia.

Tena, mkitaka kurekodi tafsiri hiyo, sio kuimba ibadani tu, tafuteni ruhusa kwanza. Nitaeleza chini.

Mchangiaji (Kampala, Kisenyi)

Wakuu, mimi siko kwenye mambo ya silabi. Nataka kujua pesa. Mtu anatunga wimbo unaimbwa nchi nzima, kila kanisa, kila harusi, kila msiba. Analipwa nini?

Mleta uzi (Lugazi)

Mzee wa Kisenyi, umegusa kidonda.

Kanisani halipwi, na sidhani kuna mtunzi wa injili anayetaka kulipwa kila wimbo wake unapoimbwa Jumapili. Zamani mapato yalikuwa kwenye kaseti, na kaseti moja halali ilizaa nakala zisizohesabika kwenye vibanda vya mjini. Yakabaki matamasha ya uzinduzi wa albamu, yale ya tiketi kwenye hoteli kubwa, na mialiko. Mwaliko wa kanisa mara nyingi hauna bei. Kuna sadaka ya upendo, bahasha, na mtunzi hajui ndani kuna nini mpaka afike nyumbani. Anayekuja na wapiga vyombo watano na gari la kukodi anaweza kurudi na deni, na watu wakamwambia amebarikiwa.

Sheria ipo. Uganda ilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi mwaka huo huo wa 2006, na kazi ya mtunzi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kipo chama cha kukusanya mirabaha, UPRS, ambacho redio, hoteli na baa zinapaswa kukilipa. Kaka wa Nakivale, ndiyo maana nikasema mpate ruhusa: tafsiri iliyorekodiwa ni kazi inayozaliwa na kazi ya mwingine, na mwenyewe ana haki juu yake. Kati ya sheria na mfuko wa mtunzi, hata hivyo, kuna njia ndefu, na watunzi wa injili wako nyuma zaidi kwa sababu wameaminishwa kwamba kudai haki ni kupenda dunia. Hilo linanikera sana. Mhubiri ananunuliwa kipaza sauti kipya, fundi wa jenereta analipwa papo hapo, lakini aliyeandika maneno yaliyoliza kanisa zima anaombewa tu.

Na corona ilionyesha udhaifu wote huo. Makanisa yalifungwa Machi 2020, na matamasha hayakurudi mpaka Januari 2022. Karibu miaka miwili. Mwenye mshahara wa serikali alivumilia. Mwimbaji aliyeishi kwa bahasha aliuza kinanda.

Mchangiaji (Jinja)

Naona umeruka siasa, mkuu. Alikuwa mbunge wenu wa Buikwe. Alifanya nini? Au aliimba tu bungeni?

Mleta uzi (Lugazi)

Sijaruka, nilikuwa naifikia.

Buikwe ilimegwa kutoka Mukono mwaka 2009, na kwa katiba yetu kila wilaya ina kiti cha mbunge mwanamke. Yeye alikishika katika Bunge la 10, 2016 hadi 2021. Hakuwa msanii peke yake bungeni: marehemu Kato Lubwama aliingia wakati huo huo kutoka Rubaga Kusini, na mwaka 2017 Bobi Wine akaingia kwa uchaguzi mdogo wa Kyaddondo Mashariki. Watu waliokuwa na vipaza sauti walianza kuona kwamba umati unaoimba nao unaweza pia kupiga nao kura.

Mimi ni mpiga kura wa hapa, nasema nilichokiona kijijini. Mikutano yake ya kampeni iligeuka ibada. Akina mama hawakuuliza ilani. Walimwomba aimbe, na akiimba kura ilikuwa imeshatoka. Sioni kama ni vibaya watu kumwamini aliyewafariji, lakini tulimpa mzigo wa aina nyingine kabisa. Mbunge mwanamke wa wilaya anafuatwa kwa ada za shule, majeneza, bati za kanisa, mchango wa harusi, kuanzia alfajiri getini. Wimbo unataka ukimya. Maoni yangu, na mtanisamehe mnaompenda kama kiongozi: miaka ile mitano tulipata mbunge tukampoteza mtunzi, na hasara hiyo hakuna aliyeihesabu.

Uchungaji ni jambo lingine. Alianzisha kanisa, New Life Deliverance, na huko naamini utunzi wake ulipata chakula, kwa sababu mchungaji anasikia shida za watu kabla hazijawa wimbo. Sikilizeni "Maama". Wimbo ule huchezwa kila Siku ya Mama, na nimeuona msibani ukifanya kazi ambayo mahubiri hayakuiweza. Ni wimbo kuhusu mama, Mungu anaingia kupitia mlango wa nyumbani, na mtu asiyekanyaga kanisa anaweza kuuimba bila kujisikia mnafiki. Watunzi wengi wa injili wanaogopa kuandika hivyo. Wanadhani lazima kila mstari uwe na aya ya Biblia ndio uwe mtakatifu.

Mchangiaji (Busia)

Nakubali kwa "Maama". Sokoni kwetu Wakenya wanaiimba bila kujua neno moja la Kiganda zaidi ya kichwa cha wimbo. Lakini vijana wa sasa je? Mwanangu ana Levixone tu kwenye simu. Hiyo pambio yako imekufa?

Mleta uzi (Lugazi)

Haijakufa, dada, imebadili mwendo. Levixone na wenzake wamechukua mdundo wa vijana, dansi, na maneno ya mtaani, na wanawafikia watoto ambao sisi tulishindwa kuwafikisha kwenye benchi. Wilson Bugembe wa Nansana yuko katikati: mchungaji, msimuliaji, na wimbo wake unaweza kuanza kama hadithi ya mtoto wa mtaani ukaishia kuwa sala. Nawapenda wote. Ila jaribu hivi: zima spika, ondoa kinanda, simamisha watu kumi kwenye chumba kisicho na umeme, uone wimbo gani unasimama. Nyingi za sasa zinaanguka, kwa sababu nusu ya utunzi iko kwenye kompyuta ya prodyuza. "Beera Nange" inasimama. "Ekitiibwa Kyo" yake nayo inasimama. "Tukutendereza" imesimama tangu enzi za wakoloni. Kwangu huo ndio mtihani wa mtunzi, na kwa mtihani huo Babirye anakaa meza moja na yeyote wa Afrika Mashariki.

Mchangiaji (Nakivale)

Tumejaribu jana hiyo ya kuanza kabla ya pigo. Imekubali! Akina mama wamefurahi sana. Sasa shida ni moja, solo wetu sauti yake ni ya juu, na Babirye anaimba chini. Tupandishe?

Mleta uzi (Lugazi)

Mungu awabariki. Pandisheni, lakini kidogo, noti mbili zinatosha. Mkipandisha sana, kiitikio kitawashinda wazee, na hawa ndio wanaokibeba. Solo akiona ubeti uko chini kwake, aseme maneno badala ya kuyaimba, kwa kuwa ubeti ule ni ushuhuda. Alto wapewe sauti ya kwanza kwenye kiitikio, soprano wawe juu yao. Mkiwa tayari nitumieni sauti mliyorekodi kwa simu, tutaisikiliza hapa na kwaya yangu siku ya mazoezi.